Chenso 58cc inazima ikipata moto, haiwaki mpaka ipoe. Mafundi watatu, majibu matatu

#1 Shamba_Lupembe
Wakuu, salaam.

Nina ekari sita za miti Lupembe, Njombe, nusu paini nusu mlingoti. Mwaka jana nilichoka kukodi mtu wa chenso (msumeno wa mnyororo wa injini). Anakuja siku anayotaka yeye, mafuta nanunua mimi, chakula napika mimi, na jioni bado ana deni na mimi. Nikashuka Kariakoo nikachukua ya kwangu ya Kichina, imeandikwa 58cc, baa (ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo) ya inchi 20. Laki mbili na sitini pamoja na minyororo miwili.

Miezi minne ya kwanza sikuwa na neno. Sasa hivi asubuhi inawaka mvuto wa tatu, inakata vizuri dakika ishirini, ishirini na tano, halafu inaanza kukohoa na kuzima. Hapo utavuta kamba mpaka bega lihame, haiwaki. Iache kivulini nusu saa, mvuto mmoja tu inanguruma kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza: kabureta. Nikanunua kabureta. Fundi wa pili: ringi zimekwisha. Wa tatu hata hakuifungua, aliinusa tu akasema petroli ya siku hizi siyo petroli. Wote watatu nimewalipa.

Mchanganyiko wangu ni lita moja ya petroli na kizibo kimoja cha oili ya 2T (ya kuchanganya na petroli). Naombeni msaada, dingdong (mashine ya kupasulia mbao) inakuja kupasua mwisho wa mwezi na magogo bado yamesimama.

#2 Ngoja_Waje
Ngoja waje wenye mashamba. Mimi nina mwembe mmoja na shoka.

#3 Fundi Tupa
Koili hiyo, ile inayoipa plagi cheche. Nyaya za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinagusana tena. Inawaka baridi, inakufa moto, inafufuka baridi, dalili yake ndiyo hiyo hiyo uliyoandika.

Ila usinunue kwa maneno yangu, jaribu. Ikizima usikae kusubiri. Toa plagi hapo hapo ikiwa bado ya moto, irudishe kwenye kofia yake, iguse kwenye chuma cha silinda mbali na tundu la plagi (mvuke wa petroli unatoka pale, usije ukaungua kope), vuta kamba uangalie. Cheche ipo, koili nzima. Cheche hakuna, umempata mwizi. Rudia ikishapoa ili uwe na uhakika.

Ukifunga mpya, mwanya kati ya koili na sumaku uwe kama milimita 0.3. Ingiza kadi ya biashara hapo katikati, kaza skrubu, chomoa kadi.

#4 Kandambili
Fundi, biashara yangu haijafikia kuwa na kadi. Ya NIDA inafaa?

#5 Fundi Tupa
#4 Hiyo ina 0.76, zaidi ya mara mbili. Kata kipande cha chupa ya maji ya plastiki. Na kitambulisho ukikikwaruza kwenye sumaku utaenda kupanga foleni upya, usije kunilaumu.

#6 Mama Miwati
Mleta uzi, kabla ya koili hicho "kizibo kimoja" kimenitisha. Kizibo cha chupa gani?

Ninamiliki chenso mbili, moja ya saizi kama yako na moja kubwa ya magogo, mwaka wa saba huu. Vijana wa kazi nimebadilisha wengi kuliko mashine, na karibu kila mashine iliyonifia imeuliwa na kizibo. Siku moja nikachukua sindano ya kuchomea ng'ombe nikapima kizibo cha kijana wangu: mililita tisa. Chenso nyingi za Kichina kitabu chake kinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwenye kila lita. Hizi za Kijerumani na Kiswidi, ukitumia oili yao nzuri, ni 50 kwa 1, mililita 20. Tisa haipo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Oili ikiwa kidogo pistoni inatanuka ikipata moto, inaanza kulamba silinda, mashine inazima. Ikipoa inasinyaa, inawaka. Kila safari inalamba kidogo zaidi. Siku ya mwisho haitawaka hata ukiiweka kwenye friji.

Fungua ekzosi, boliti mbili tu, chungulia pistoni kupitia tundu lile. Ikiwa laini inang'aa, shukuru Mungu. Ikiwa na michirizi ya kusimama, yule fundi wa pili hakuwa mwongo.

#7 Elburgon_Blugamu
Sasa wadau. Huku kwetu Kenya hiyo tunaita pawa soo, nimesoma "chenso" mara tatu ndio nikaelewa.

Nakata saiprasi na blugamu (mlingoti wenu) huku juu, zaidi ya mita 2,000. Hizo mashine hutoka kiwandani kabureta imewekwa ya watu wa chini. Ukipanda nayo mlimani hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Asubuhi ikiwa baridi hausikii, baridi inapenda petroli nyingi. Ikishika moto inajaa, plagi inalowa, inazima. Ukingoja nusu saa petroli imekauka, inashika mara moja.

Chukua skrubu ya H, ile ya kabureta ya kupimia petroli ya mwendo wa kasi, zungusha kuelekea kulia kidogo tu, kama robo, ukisikiliza. Njombe si pia ni juu?

#8 Mpwa wa Ifakara
#7 Haya maneno ni kweli na ndiyo yaliyonila laki tatu.

Nilikuwa natumia chenso Njombe mjini, fundi akanifungia H mpaka ikaimba vizuri. Nikashuka nayo Ifakara kukata mikorosho na miembe ya mjomba. Kule chini hewa nzito, joto kama lote, na H bado imebanwa ya mlimani. Ikawa inapiga kelele nyembamba ya juu, mimi nafurahi nikijua ina nguvu. Siku ya pili ikanyamaza katikati ya gogo, kamba haivutiki. Pistoni imeganda kwenye silinda.

Ukikaza H ya mlimani, andika kwa maka pen kwenye kava: USISHUKE NAYO.

#9 Nyundo Baridi
Nina maswali mawili.

Kwanza, #7, kama tatizo ni mwinuko, ile miezi minne ya kwanza Lupembe ilikuwa pwani?

Pili, hiyo siyo 58cc. Nimewahi kufungua hizo mbili nikazipima kwa vernia: pistoni upana 45.2, mwendo 34. Piga hesabu, inatoka 54 na nusu. Siyo mbaya, bado ni saizi ya kati, ila msiwe mnashindanisha namba ya kwenye stika na mashine ya 50 ya Kijerumani halafu mnashangaa kwa nini ile "ndogo" inakata haraka.

#10 Elburgon_Blugamu
#9 Miezi minne alikuwa na kabureta ya kwanza. Soma #1 tena. Fundi alimbadilishia.

#11 Nyundo Baridi
#10 Soma na wewe. Kabureta ilibadilishwa BAADA ya tatizo kuanza.

#12 Kandambili
Naona mwalimu wa ufahamu ameingia darasani.

Halafu nyie mnaosema "baa ya inchi 20", shemeji yangu kaona simu yangu imeandikwa "baa imepinda, nitabadilisha Jumamosi" kampelekea dada yangu. Tumekaa kikao.

#13 Mzee wa Mvule
Habari za jioni, vijana.

Nimepasua mbao tangu enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni akila unga wa mbao. Chenso ya kwanza kuishika ilikuwa kubwa, ya cc mia na kitu, ukiibeba asubuhi mpaka jioni unatembea kama kaa. Hizi zenu za kilo tano ni za kuchezea.

Ugonjwa wa huyu kijana nimeuona mara nyingi na dawa yake ilikuwa bure. Tanki la petroli lina tundu la kuvutia hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu likiziba kwa unga wa mbao na oili, tanki linakuwa kama chupa unayoinyonya: mwanzo inatoka, halafu inagoma. Ikizima, fungua kifuniko cha tanki polepole. Ukisikia "fsss" ya kuvuta ndani, funga, washa. Ikiwaka hapo hapo bila kungoja ipoe, achana na makoili.

Kusubiri nusu saa kunakudanganya kwamba joto ndilo limeondoka, kumbe hewa imejipenyeza taratibu.

#14 Shamba_Lupembe
Shukrani wote, nimejifunza mengi kuliko nilivyolipia.

Mama Miwati, nimepima kizibo. Nane. Hata tisa haifiki. Nimefungua ekzosi, pistoni upande huu ina mistari miwili hafifu, kucha inapita bila kukwama. Ule wavu mdogo wa kwenye ekzosi ulikuwa mweusi tititi, nikiuelekeza juani mwanga haupiti.

Elburgon, Lupembe siyo Njombe mjini. Mjini ndiyo inakaribia mita 2,000, sisi tuko chini kidogo, ndiyo maana chai inastawi. Lakini juu ni juu.

Mzee, kesho nitasikiliza hiyo fsss.

#15 Mama Miwati
Nane!! Hiyo mashine imekuvumilia kuliko wake za watu wanavyowavumilia waume zao.

Mistari isiyokamata kucha siyo msiba. Anza 40 kwa lita leo leo, na oili iwe ya 2T ya kweli, siyo ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda.

#16 Nyundo Baridi
Wavu haupitishi mwanga? Basi nafunga mjadala. Moshi hautoki, joto linabaki ndani, mashine inajisonga. Uchome wavu kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, ukung'ute, urudishe. Shilingi sifuri.

#17 Fundi Tupa
#16 Usifunge mjadala ambao hukuufungua. Wavu ukiziba mashine inakosa nguvu tangu mwanzo, inapanda raundi kwa shida. Yeye anasema inakata vizuri dakika ishirini.

Mleta uzi, swali jingine. Ukikata, inatoa unga au inatoa vipande?

#18 Shamba_Lupembe
Unga, kama wa sembe. Na lazima niisukume kidogo.

#19 Fundi Tupa
Nilijua. Mnyororo wako ni butu, na butu ni joto. Chenso kali inaingia kwenye gogo kwa uzito wake mwenyewe na inatema vipande vya kuonekana. Ukianza kusukuma, injini inafanya kazi ya punda na baa inaungua.

Wengi huku mnanoa kwa tupa bapa au kwa grenda, mnachoma meno mpaka ya bluu. Tafuta tupa ya mviringo. Hizo 58 nyingi zinakuja na mnyororo wa inchi .325, meno ya chini 76, tupa yake ni milimita 4.8. Mnyororo wa 3/8 unataka 5.2. Kama huna uhakika, pima kutoka ripiti ya kwanza mpaka ya tatu, gawa kwa mbili: ukipata milimita 8 na kidogo ni .325, ukipata 9 na kidogo ni 3/8. Shika nyuzi 30, sukuma kwenda mbele tu, tupa hairudi na meno. Kila jino idadi ile ile ya misuguo, la sivyo chenso itakata kwa kupinda upande mmoja. Baada ya kunoa mara nne au tano shusha na kile kijino cha mbele kisichokata, nusu milimita mpaka 0.65 chini ya jino. Watu hawakigusi kile halafu wanalalamika mnyororo mpya umeisha makali.

Mbao laini kama paini inasamehe. Jaribu mpingo, ule unaozama majini, utanoa kila baada ya mikato michache.

#20 Mpwa wa Ifakara
Na oili ya mnyororo unatumia gani? Usiseme oili chafu.

#21 Shamba_Lupembe
Oili chafu.

#22 Mpwa wa Ifakara
😂

#23 Mzee wa Mvule
Sisi tulitumia oili chafu miaka yote. Kitu kilichokufa ni pampu moja.

#24 Mama Miwati
Na baa ngapi, mzee? Oili chafu ina vumbi la chuma ndani yake, na ni nyepesi, inarukia kwenye shati badala ya kukaa kwenye mnyororo. Ngozi ya mapaja ya vijana wangu ilikuwa na vipele mpaka nilipohamia oili mpya ya SAE 40. Bei inauma lakini baa inadumu.

#25 Hadithi_za_Kale
Nimepita tu. Mnajua mashine hii ilianzia hospitalini? Daktari Mjerumani Bernhard Heine aliunda msumeno wa mnyororo wa kukatia mifupa mnamo 1830. Miti ilikuja baadaye.

#26 Nyundo Baridi
#25 Nusu sahihi. Kabla yake kulikuwa na madaktari wawili wa Scotland, Aitken na Jeffray, mwishoni mwa karne ya 18, mnyororo wenye meno unaovutwa kwa mikono miwili, wa kupanua nyonga mama anapojifungua. Wa Heine ulikuwa wa kuzungusha kwa mkono. Wa injini ya petroli ni Wajerumani, Emil Lerp wa Dolmar 1927, kisha Andreas Stihl 1929.

#27 Kandambili
Niliyesoma #26 nikiwa na chai mkononi, chai imemwagika.

#28 Uswidi_Baridi
Wakuu, nawasoma kutoka Uswidi. Husqvarna wa hapa walianza 1689 wakitengeneza bunduki, chenso wameanza 1959. Huku kutumia chenso kazini lazima uwe na mafunzo na cheti. Suruali ina nyuzi ndani, mnyororo ukigusa nyuzi zinajisokota kwenye meno, mashine inakwama kabla ya nyama. Picha nyingi za nyumbani naona mtu na chenso na malapa.

#29 Kandambili
#28 Jina langu limetajwa pembeni.

#30 Mpwa wa Ifakara
Hili tusilipitie haraka. Kaka wa mke wangu alikuwa anapunguza matawi, ncha ya juu ya baa ikagusa tawi lingine asiloliona. Chenso ikaruka ikamrudia usoni. Mkono wa kushoto ulisukuma breki ya mnyororo, ndiyo iliyomwokoa, alibaki na kovu la kidevu tu. Siku hiyo hiyo nilikagua yangu, breki ilikuwa imefungwa kwa waya kwa sababu "inasumbua". Mfunga waya ni mimi mwenyewe.

#31 Mama Miwati
Na mlingoti ulioinama usikatwe kama paini. Ukikata kinywa (mkato wa upande unakoangukia) kidogo halafu ukaja nyuma, unapasuka wima, kipande kinarudi kinyume na wewe umesimama pale pale. Nilimpoteza jirani hivyo. Kata kinywa cha kutosha, acha bawaba (mbao isiyokatwa katikati ya mikato miwili) kama sehemu moja ya kumi ya unene wa mti, na njia yako ya kukimbilia uwe umeifyeka kabla hujawasha.

#32 Ngoja_Waje
Poleni kwa jirani.

Je, na makaratasi? Binamu yangu alisimamishwa njiani na chenso kwenye buti, miti ya kwake mwenyewe.

#33 Mzee wa Mvule
Anza serikali ya kijiji, kisha ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya, uulize usajili wa chenso na kibali cha kuvuna. Mbao zikipanda gari bila TP (kibali cha kusafirishia), hata ziwe za babu yako, utalala nazo kizuizini.

#34 Elburgon_Blugamu
Huku sisi marufuku ya kukata miti ilianza Februari 2018, ikaja kuondolewa 2023. Pawa soo yangu ilikaa store ikawa kiota cha panya. Nilipoiwasha ikazima ikipata moto, kama ya mleta uzi. Tatizo lilikuwa bomba la petroli ndani ya tanki: limepata ufa, likipata moto linalegea, linavuta hewa. Kwa hivyo ongeza hiyo kwa orodha.

#35 Nyundo Baridi
#34 Jana ulikuwa skrubu ya H.

#36 Elburgon_Blugamu
Jana sikuwa nimekumbuka panya.

#37 Shamba_Lupembe
Mrejesho, wakuu.

Nimefanya yote siku moja, najua mtanigombeza. Oili 40 kwa lita, wavu nimeuchoma, mnyororo nimenoa kwa tupa ya 4.8 (inatema vipande sasa, raha tupu), tundu la tanki nimelizibua kwa sindano, koili mpya elfu kumi na tano. Imekata siku tatu mfululizo bila kuzima. Milingoti kumi na tisa iko chini.

#38 Fundi Tupa
Koili. Karibu.

#39 Mzee wa Mvule
Tundu la tanki.

#40 Mama Miwati
Oili.

#41 Nyundo Baridi
Umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, kwa hiyo hujui kitu. Rudisha koili ya zamani, hayo mengine uache yalivyo.

#42 Shamba_Lupembe
Nimerudisha koili ya zamani asubuhi. Imekata saa nzima bila tatizo. Fundi Tupa naomba usinichukie.

#43 Fundi Tupa
Saa ngapi hiyo? Asubuhi Lupembe kuna ukungu. Jaribu saa nane mchana.

#44 Shamba_Lupembe
Saa nane na robo. Imezima.

Nimefungua tanki, hakuna fsss. Nimetoa plagi ikiwa ya moto kama alivyosema Fundi. Cheche IPO, ya bluu kabisa. Lakini plagi imelowa chapachapa petroli.

#45 Elburgon_Blugamu
Imelowa! H! Nilisema H tangu #7!

#46 Nyundo Baridi
Au sindano ya ndani ya hiyo kabureta mpya haifungi vizuri. Uliinunua shilingi ngapi?

#47 Fundi Tupa
Cheche ya nje ya silinda siyo cheche ya ndani. Ndani kuna mgandamizo, koili dhaifu inashindwa huko huko, petroli haiungui, plagi inalowa. Bado nipo kwenye koili.

#48 Mama Miwati
Dingdong inakuja lini?

#49 Shamba_Lupembe
Keshokutwa. Nimerudisha koili mpya, nimekaza H robo, na nimempigia simu yule jamaa wa kukodi. Anasema atakuja siku anayotaka yeye.

#50 Ngoja_Waje
Shoka ninalo, nauli tu.